Mzigo wa Mwenzio: Kujifunza Kuhisi na Mwingine kwenye Njia ya Misafara



Niliyokuja kuwaambia leo sikuyapata kwanza vitabuni. Niliyapata kibarazani kwa bibi yangu, hapa hapa Tabora, mtaa wa Isevya. Kila aliyepita njiani na mzigo kichwani, awe na kuni, debe la maji au gunia la mkaa, bibi alimpa pole. Haikuwa lazima amfahamu. Na kama mwenye mzigo alikuwa anaelekea kwetu, bibi alitupigia kelele sisi watoto: "Mpokeeni!" Ilitupasa tukimbie tumkute kabla hajafika mlangoni. Kosa la kuvunja bakuli lilisamehewa upesi. Kosa la kumkodolea macho mtu aliyelemewa lilikaa nasi mpaka jioni.

Nilipokua nikasoma, kisha nikafundisha, nikakuta kwamba jambo lile la kibarazani lina uwanja mzima wa utafiti duniani. Wanafalsafa, wanahistoria, wahakiki wa fasihi, wanaanthropolojia, wanasaikolojia, na siku hizi hata wachunguzi wa ubongo, wote wanauliza: inawezekanaje mtu mmoja akahisi na mwenzake? Anajuaje yaliyo moyoni mwa mwingine? Na akishajua, je, hutenda? Kiswahili kina huruma, kina imani, kina utu, lakini bado hakijakubaliana juu ya neno moja la jambo hili. Leo sitalazimisha neno. Nitasema tu "kuhisi na mwenzio", na nitaiacha lugha yenyewe itufundishe zaidi tukiendelea.

Wahenga walitangulia kulisemea. Walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni ile pamba laini ya msufi tunayojazia mito. Kanda lake hata mtoto hulibeba kwa mkono mmoja. Methali hii haisemi kwamba mzigo wa mwenzio ni mwepesi. Inasema ndivyo tunavyouona sisi ambao shingo zetu hazimo. Na haiko peke yake: adhabu ya kaburi aijuaye maiti; uchungu wa mwana aujuaye mzazi; kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wazee wetu walikuwa waangalifu sana juu ya madai ya kumjua mwingine. Mimi nauchukua uangalifu huo kuwa msingi wa mhadhara wangu. Nitajitahidi kuonyesha kwamba kuhisi na mwenzio huanza pale tunapokubali kuwa uzito wa mzigo wake hatuujui, tukamwendea na kumwuliza.

Mji uliokua kwa mizigo

Sidhani kama pako mahali panapostahili kulizungumza hili kuliko Tabora. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora hii yetu, mwezi Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara kutoka pwani wamekwisha jenga matembe yao na kupanda miti yao. Kutoka Bagamoyo mpaka hapa ni kilomita zipatazo 800, safari ya miezi miwili au mitatu. Mbele yake ziko kilomita nyingine zaidi ya 300 hadi Ujiji. Mbung'o na maradhi viliwamaliza wanyama wa mizigo, hivyo pembe za ndovu, marobota ya merikani, makanda ya shanga, koili za waya na baruti vyote vilipita juu ya mabega na vichwa vya watu.

Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Hapo hujahesabu mkeka wa mpagazi mwenyewe, chungu chake, chakula chake na silaha yake. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi hii. Walipatana ujira kabla ya kujitwika, walidai posho yao, walikuwa na kirangozi wao wa mbele, na mapatano yakivunjwa waliweza kuitua mizigo chini wakagoma. Wanawake nao walikuwamo, wakibeba, wakipika, wakilea njiani. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu kazi ya upagazi, ametusaidia kuwaona watu hawa kama wafanyakazi wenye ufundi na heshima yao, wakati maandishi ya wasafiri wengi wa Ulaya yaliwaona kama miguu tu ya kusogezea bidhaa.

Lugha yetu bado inabeba alama za njia ile. Tazama vitenzi vyake: mtu hujitwika, humtwisha mwenzake, humtua, humpokea, na watu hupokezana. Hivi si vitenzi vya hisia za ndani. Ni vitenzi vya shingo na mikono, na karibu vyote vinahitaji watu wawili. Mwenye mzigo mzito hawezi kujitwisha peke yake wala kutua peke yake bila kuumia. Ninaamini hapo lugha imeweka falsafa yake: kuhisi na mwenzio ni jambo la watu wawili, na mikono imo.

Mwaka 1873

Mwaka 1873 yalitukia mambo matatu mbali mbali, na mimi hupenda kuyaweka pamoja.

La kwanza lilitukia Ujerumani. Kijana mmoja msomi, Robert Vischer, alitoa tasnifu iliyotumia neno Einfühlung kueleza jinsi hisia za mtazamaji zinavyoingia ndani ya umbo analolitazama. Baadaye mwanafalsafa Theodor Lipps alilichukua neno hilo kutoka kwenye sanaa akalipeleka kwa binadamu, na mwaka 1909 mwanasaikolojia Edward Titchener akalitafutia neno la Kiingereza linalotumika vyuoni hadi leo. Wengi huanzia hapo kuhesabu historia ya uwanja huu.

La pili lilitukia Unguja. Mwezi Juni, Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, akiwa amebanwa na Waingereza na manowari zao, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Mkunazini.

La tatu lilitukia hapa kwetu, mwezi Oktoba. Msafara uliochoka uliingia Unyanyembe kutoka kusini ukiwa umebeba maiti.

Maiti hiyo ilikuwa ya David Livingstone, msafiri na mmisionari wa Kiskoti. Alikuwa amekaa Kwihara, karibu na hapa, mwaka 1872, kwanza pamoja na mwandishi wa habari Stanley, kisha peke yake mpaka Agosti, alipoondoka asirudi tena akiwa hai. Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo. Watu wake, wapatao 60, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaanza safari ya zaidi ya kilomita 1,500 kwenda pwani. Miongoni mwao alikuwamo Jacob Wainwright, aliyekombolewa utumwani akasomeshwa India, na alikuwamo Halima, mpishi.

Hapa Unyanyembe walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kutoka Uingereza kumsaidia Livingstone. Cameron alikuwa hoi kwa homa na macho yake yalikuwa yakimsumbua. Alipoona hali, aliwashauri wauzike mwili hapa hapa. Njia ya mbele ilikuwa ya hatari, watu wa njiani waliiogopa maiti, na wabebaji walikuwa wamechakaa. Ushauri wake ulikuwa wa mtu mwenye huruma.

Walikataa.

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Cameron aliuona mzigo, akaukadiria uzito wake, akawapa wenye mzigo nafuu aliyodhani wanaihitaji. Kwake mzigo ulikuwa mwili wa marehemu, na nafuu ilikuwa kuutua. Kwao kuutua hapa ndiko kungekuwa uzito wenyewe. Tunafanya kosa hilo hilo kila siku tukiwa na mioyo mizuri kabisa: mhisani anayejenga kisima mahali ambapo akina mama hawakukihitaji, daktari anayejibu kabla mgonjwa hajamaliza kueleza, mwalimu anayedhani mtoto mkimya ni mvivu. Huruma inayotangulia na jawabu inaweza kumkosa kabisa mtu inayemlenga.

Wale watu waliendelea. Kasekera, upande wa mashariki ya hapa, wenyeji walikataa maiti isipite. Basi wakatengeneza furushi la uongo la mabua, wakajifanya wanalirudisha likazikwe Unyanyembe, na mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na robota la kitambaa. Mtu aliyejulikana kuliko wote katika njia hii alimalizia safari yake kama mzigo wa kawaida, juu ya mabega ya watu waliokuwa wamebeba maelfu ya mizigo ya kawaida. Februari 1874 walifika Bagamoyo.

Wakalipwa, wakaachwa waende zao. Katika msafara ule wote, aliyefika London kwa mazishi ya Aprili katika Westminster Abbey alikuwa Jacob Wainwright. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha, wakakaa na Horace Waller, rafiki wa Livingstone, na kumsimulia safari ya mwisho. Waller akaandika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tunachokijua juu ya mawazo yao imepita katika kalamu ya mtu mwingine. Mwanafunzi wa historia analipata hapo somo lake la kwanza: kabla ya kuhisi na mtu wa zamani, uliza ni nani aliyeshika kalamu.

Waliopita bila jina

Nimesema mengi juu ya maiti moja. Sasa niseme juu ya walio wengi.

Chuma mwenyewe alikuwa amefunguliwa kutoka katika msafara wa watumwa mwaka 1861 akiwa bado mtoto. Katika miaka hiyo hiyo, wengine ambao hawakufunguliwa walipita hapa kutoka Manyema na pande za Ziwa Tanganyika. Walipita wakiwa wamefungwa, na wengine walitwishwa pembe juu ya minyororo. Tembe la Livingstone liko Kwihara, limehifadhiwa, na watalii hulitembelea. Mwaka 2006 nchi yetu iliiingiza njia hii katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia, nalo ni jambo jema. Lakini mateka wale hawana tembe.

Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammad el Murjebi, ambaye baba yake alifanya makazi hapa Tabora, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903. Ni maandishi yenye thamani kubwa katika lugha yetu. Anasimulia pembe, madeni, vita na vifo kwa utulivu ule ule, na hesabu zake ni makini. Lakini ukitaka kumjua aliyezibeba pembe zile, jina lake, kwao, na nini alichokiacha nyuma, unasoma ukurasa baada ya ukurasa huku ukimya ukizidi. Mhakiki wa fasihi amefunzwa kusoma na huo ukimya. Kazi yake ni kuuliza: katika sentensi hii nani anatenda, nani anatendwa, na nani hakutajwa kabisa?

Nasi tuwe wakweli. Njia hii haikuwa ya wageni peke yao. Watemi wetu walifanya biashara, Wanyamwezi wengine walimiliki watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Leo katika mitaa ya Ng'ambo, Gongoni na Kanyenye, wajukuu wa waliomiliki na wajukuu wa waliomilikiwa wanaswali safu moja, wananunua duka moja, wameoana. Kuhisi na waliotangulia hapa maana yake ni kukubali kwamba damu ya pande zote mbili inaweza kuwa inazunguka katika mwili mmoja. Ni jambo zito kulisema hadharani. Nalisema kwa heshima, kwa sababu lisiposemwa linabebwa na mtu mmoja mmoja, kimya kimya, na aibu yake.

Fikirieni jina la Bagamoyo. Wasimulizi hulieleza kuwa linatokana na kubwaga moyo. Mpagazi aliyefika pwani alibwaga mzigo na moyo wake ukatua: safari imekwisha, ujira umefika, bahari ile pale. Mateka aliyefika mahali pale pale aliubwaga moyo kwa maana nyingine: kwao hapaonekani tena. Walisimama ufukwe mmoja, pengine siku moja, na jina moja likawa na maana mbili zisizoweza kukutana. Isimu inatufundisha kusikiliza maana zote mbili bila ya kuifuta mojawapo.

Mtani hajifanyi mfiwa

Je, pamewahi kuwako kwenye njia hii chombo chetu wenyewe cha kuhisi na mwingine? Naam, na mnakijua: utani.

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka hapa kwenda pwani alipita katika nchi za watu wengi. Angeweza kuugua kwao, kuishiwa chakula kwao, kufa kwao. Makabila mengi ya upande wa pwani, Wazaramo na Waluguru wakiwemo, yakawa watani wa Wanyamwezi. Mtafiti R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, akaonyesha jinsi unavyofuatana na njia za zamani za biashara na vita. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown naye aliujengea nadharia mwaka 1940. Sisi tunaoishi nao tunajua unavyofanya kazi: mtani atakutukana, atachukua kuku wako, na siku ya msiba ndiye atakayechimba kaburi, ataosha maiti, ataigiza sauti ya marehemu mpaka mfiwa acheke huku analia.

Nawaomba mtazame kwa makini mahali mtani anaposimama. Hajifanyi mfiwa. Hasemi "nimefiwa kama wewe". Anasimama hatua moja nje ya uchungu, na kwa sababu yuko hatua moja nje, mikono yake ina nguvu ya kushika jembe. Mfiwa hawezi kumchimbia kaburi mtu wake. Anahitaji mtu aliye karibu kiasi cha kuja bila kuitwa, na aliye mbali kiasi cha kutozimia.

Mwaka 1916, wakati majeshi ya Wabelgiji yalipokuwa yakisonga kuelekea mji huu, ambao waliuteka tarehe 19 Septemba, na wakati makumi ya maelfu ya wapagazi wa pande zote za vita walipokuwa wakifia njiani, mwanamke mmoja kijana Ujerumani, Edith Stein, alikuwa anatetea tasnifu yake juu ya jambo hili letu. Alikuwa amehudumu kama muuguzi wa vita. Lipps alikuwa amesema kwamba ninapomwangalia mwanasarakasi kwenye kamba, ninaungana naye, ninakuwa yeye. Stein alikataa. Alisema uzoefu wa mwingine unanifikia kweli, lakini unanifikia ukiwa wake, haugeuki kuwa wangu. Ningetamani Stein angemjua mtani. Hoja aliyoijenga kwa kurasa nyingi, mtani wa Kiluguru aliitenda kwa jembe pembeni mwa kaburi la Mnyamwezi aliyefia njiani.

Wanaanthropolojia wengine walilijua hili kwa gharama kubwa. Renato Rosaldo alikaa miaka na Wailongot wa Ufilipino, akiwauliza kwa nini mtu aliyefiwa alitoka kwenda kukata kichwa cha mtu. Walimjibu: ghadhabu ya msiba. Jibu lilimwonekea jepesi mno, akatafuta maelezo marefu zaidi. Mwaka 1981 mkewe Michelle, mtafiti mwenzake, aliteleza kwenye genge huko huko Ufilipino akafa. Ndipo Rosaldo alipoijua ghadhabu ile mwilini mwake, na akaandika kwamba watu wale walikuwa wamemwambia ukweli tangu mwanzo. Kwake yeye, maneno yao yalikuwa kanda la usufi mpaka siku aliyotwishwa mwenyewe. Nikimsoma Rosaldo, najifunza hili: mtu akikuambia uzito wa mzigo wake kwa maneno machache, usidhani maneno machache ni uzito mchache.

Upendeleo wa moyo

Saikolojia inatuletea onyo ambalo sisi wa fasihi na historia hatupendi kulisikia. Mwaka 1995 Daniel Batson na wenzake huko Marekani waliwasikilizisha watu habari za mtoto mgonjwa sana, aliyekuwa kwenye foleni ya kusubiri msaada. Walioambiwa wajitahidi kuwaza anavyohisi mtoto yule, wengi wao walikubali kumsogeza mbele ya foleni, ingawa walijua anawapita watoto wenye haja kubwa zaidi. Mioyo yao ilikuwa ya kweli. Haki ndiyo iliyoumia.

Moyo humwona aliye karibu, mwenye jina, mwenye sura, anayefanana nasi. Ndiyo maana dunia nzima iliililia maiti moja iliyopita Tabora, na haikuwalilia walioanguka kando ya njia hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo kuhisi peke yake hakutoshi. Kunahitaji kuongozwa na elimu inayohesabu, inayouliza nani ameachwa nje ya foleni.

Fasihi inaweza kuusukuma mpaka huo wa moyo. Kijana aliyekuja kusoma Tabora mwaka 1937, Julius Nyerere, ambaye baadaye alirudi kufundisha St. Mary's mjini hapa, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ya pili, ya mwaka 1969, aliipa jina Mabepari wa Venisi. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili tu. Neno bepari lilikuwa neno la hukumu. Msomaji wa Kitanzania aliingia katika kitabu kile akiwa tayari amekasirika. Kisha anakutana na Shylock, anayedharauliwa kwa dini yake na kabila lake, naye anauliza kwa Kiswahili safi kama mwili wake hauumii kama miili mingine. Unaweza kuendelea kumwona mkosaji, na pengine ni mkosaji, lakini huwezi tena kusema hukumsikia. Kwangu hiyo ndiyo kazi kubwa ya fasihi: kumpa nafasi ya kusema yule ambaye tumekwisha mhukumu.

Mizigo ya leo

Tusije tukaondoka hapa tumewahisi wa karne ya 19 tukawapita wa mtaani kwetu.

Katika Usukuma na hapa Unyamwezi, bibi zetu wameuawa wakishukiwa uchawi, na mara nyingi ushahidi uliotajwa ni macho mekundu. Mwanaanthropolojia Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyafanyia utafiti wa muda mrefu mauaji haya katika Usukuma. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi. Mwanamke aliyewapikia watoto na wajukuu kwa miaka 50, kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe, katika jiko lisilo na dirisha, ameubeba moshi wa ukoo mzima machoni mwake, kisha ukoo ule ule unayasoma macho yake kuwa ni hatia. Nyuma ya tuhuma mara nyingine kuna ugomvi wa shamba na urithi. Hapa hakuna sayansi moja inayotosha. Daktari aeleze macho, mwanasheria alinde shamba la mjane, mwanahistoria aonyeshe hofu hii ilivyokua, mwandishi atuwezeshe kukaa jikoni pale mpaka na sisi tutokwe machozi ya moshi.

Na iko Ulyankulu, mkoani kwetu. Mwaka 1871 nchi ile ilikuwa uwanja wa vita vya mtemi Mirambo na wafanyabiashara wa Tabora, na Stanley alijiingiza humo akakimbizwa. Miaka 100 baadaye, baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, ilipokea wakimbizi waliokata msitu wakalima. Tanzania iliamua kuwapa uraia watu wa kundi hilo la 1972, takriban 162,000, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014. Ni tendo ambalo mataifa tajiri kuliko sisi hayajalithubutu.

Lakini hata katika tendo jema hilo tunahitaji utaratibu wa kuuliza. Katikati ya miaka ya 1980 mtafiti Liisa Malkki alikaa na wakimbizi wa Burundi katika makazi ya Mishamo na katika mji wa Kigoma. Watu waliotoka nchi moja, kwa mauaji yale yale, walimsimulia mambo tofauti kabisa. Wa Mishamo walishikilia historia yao kama taifa lililo uhamishoni. Wa mjini wengi walitaka kuchanganyika na kuishi kama watu wengine. Anayesema "wakimbizi wanahitaji hiki" amekwisha kosea kabla sentensi haijaisha. Mizigo inafanana kwa nje kama marobota. Ndani kila robota lina yake.

Tufanye nini

Wanafunzi wangu, sasa nasema nanyi moja kwa moja. Nina ombi moja tu, na linafanyika hapa mjini bila fedha nyingi.

Nendeni kwa mzee mmoja wa mtaani kwenu. Mwulizeni mzigo wake, wa maisha au wa ukoo, kisha nyamazeni. Yaandikeni maneno yake kwa maneno yake. Halafu fanyeni jambo ambalo Waller na Brode na wengi wetu hatulifanyi vya kutosha: rudini kwake, mkamsomee mlichoandika. Mwacheni awasahihishe. Akisema "sikusema hivyo", futeni. Akisema "hapo hamjaelewa", kaeni tena. Safari ya pili ile, ya kurudi kusahihishwa, ndiyo inayotenganisha kuhisi na mtu na kujihisi mwenyewe kupitia kwake. Mwanahistoria akirudi hivyo, na mwanaanthropolojia akirudi hivyo, na mwandishi akirudi hivyo, kazi zao zitakutana kwenye kibaraza kimoja.

Narudi kwa bibi. Kwa miaka mingi nilidhani alitutuma kwa sababu tulikuwa na nguvu. Sasa nakumbuka vizuri zaidi. Debe la maji lilitushinda. Gunia la mkaa hatukuweza hata kulisogeza. Mara nyingi tulichofanya ni kushika upande mmoja, tukatembea na mgeni hatua zile chache za mwisho, shingo zetu zikitetemeka, mpaka tulipomsaidia kutua. Mgeni alikuwa bado amebeba karibu mzigo wote. Lakini tulikuwa tumeugusa. Tulipoingia ndani, hakuna hata mmoja wetu aliyeweza tena kusema ulikuwa mwepesi.